Kiharusi kinapoficha majina: ngeli zaweza kutuonyesha njia

JUMAMOSI moja nilikwenda Lavington kumjulia hali mwalimu mstaafu anayeishi kwa bintiye, hatua chache kutoka Barabara ya Gitanga. Alifundisha Kiswahili katika shule za upili kwa zaidi ya miaka 30, na sisi tuliopitia mikononi mwake tunamwita Mwalimu, basi, bila jina. Kiharusi kilimpata mwaka jana. Mguu umerudi, mkono wa kulia unajikaza. Kilichokataa kurudi ni maneno, hasa majina ya vitu.

Nilipoingia sebuleni aliniona, akajishika kichwa, kisha akamgeukia bintiye: "Nipe kile… kile changu… cha… aah!"

Binti akaleta miwani. A-a. Akaleta simu. A-a. Akaleta dawa za mchana. Mwalimu akafumba macho, akageuza uso ukutani.

"Mum, pole, lakini sielewi unataka nini," binti akasema, naye sauti ikimkatikia.

Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni na mfuko wangu wa machungwa. Ndipo nikang'amua jambo ambalo yeye mwenyewe alinifundisha nikiwa Kidato cha Pili. Simu ni 'ile yangu'. Dawa ni 'ile' au 'zile'. Hata miwani, kwa Kiswahili chake, ni 'ile yangu'. Hakuna kati ya vitu hivyo ambacho Mwalimu angekiita 'kile changu cha'. Jina lilikuwa limempotea, lakini ngeli ya jina hilo haikuwa imepotea. Alikuwa akitafuta kitu cha ngeli ya KI-VI.

"Ki…" nikamdokezea.

"Ki… kijiko. A-a. Kiti. A-a!"

Nikautazama mkono uliokuwa bado kichwani. "Unataka kufunga kichwa kwa kita…"

"Kita… kitabu, a-a… kitam… kitambaa!"

Alitaka kitambaa cha kichwa. Mgeni ameingia, naye yuko kichwa wazi. Binti alikimbia chumbani akakileta, na Mwalimu akajifunga kwa mkono mmoja huku akinikaribisha kwa ishara niketi.

Makala ya leo yanatokana na 'kile' hicho.

Afasia ni nini?

Hali iliyompata Mwalimu huitwa afasia: kuharibika kwa uwezo wa lugha kutokana na jeraha la ubongo. Kiharusi ndicho chanzo chake kikuu. Mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka, sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa damu na kufa. Kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, upande uo huo unaotawala mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mara nyingi kupooza kwa mkono wa kulia na kukatika kwa maneno huandamana. Takriban theluthi moja ya watu wanaopata kiharusi hupata afasia.

Taaluma hii ina umri mrefu. Mwaka 1861, daktari Paul Broca aliwaeleza wasomi wenzake jijini Paris habari za mgonjwa aliyeelewa mengi aliyoambiwa lakini hakuweza kutamka ila silabi moja tu, 'tan'. Mwaka 1874, Carl Wernicke wa Ujerumani akaeleza aina nyingine: watu wanaozungumza kwa wepesi, sentensi baada ya sentensi, lakini maneno yao hayabebi maana, na wao wenyewe huwaelewa wengine kwa shida. Kati ya ncha hizi mbili kuna aina nyingi. Hata hivyo, dalili moja haikosekani karibu katika kila aina: kushindwa kulipata neno unalolitaka kwa wakati unaolitaka. Wataalamu huiita anomia.

Afasia si wazimu. Si uziwi, wala si kurejea utotoni. Mwalimu alijua kitambaa ni nini, kiko wapi na kwa nini alikihitaji saa ile. Alikosa jina tu. Wageni wanaompigia kelele kana kwamba hasikii, au wanaomuuliza bintiye "Amekula?" ilhali yeye ameketi papo hapo, humtonesha kidonda.

Neno hupotelea wapi?

Sisi sote tumewahi kukwama. Unamwona mtu Valley Arcade, unamfahamu, unajua alisoma wapi na ameoa wapi, lakini jina lake liko hapa ulimini na halitoki. Hali hiyo ndogo inatufunza kwamba kujua kitu na kulipata jina lake ni kazi mbili tofauti.

Wanaisimu wa saikolojia wanaieleza safari ya neno kwa hatua. Kwanza kuna maana: kitu cha nguo, chepesi, cha kufunga kichwani. Pili, maana hiyo huamsha neno lenyewe pamoja na sifa zake za kisarufi. Tatu, neno huvishwa sauti zake kwa mpangilio: ki-ta-mba-a. Kiharusi kinaweza kuikata njia katika hatua yoyote. Ikikatika karibu na maana, mtu husema 'kijiko' akikusudia 'uma'. Ikikatika karibu na sauti, husema 'kikobe' akikusudia 'kikombe'. Duka halijaibiwa, kilichoharibika ni njia ya kuifikia rafu.

Ushahidi mzuri wa hatua hiyo ya kati ulitoka Italia. Mwaka 1995, William Badecker, Michele Miozzo na Raffaella Zanuttini walichapisha uchunguzi wa mgonjwa waliyempa jina la Dante. Kila nomino ya Kiitaliano ina jinsi ya kisarufi, ya kiume au ya kike. Dante alishindwa kuyataja majina ya vitu, wala hakuweza kueleza yaanzaje. Lakini alipoulizwa iwapo neno lililompotea ni la kiume au la kike, alijibu sahihi karibu kila mara. Miaka miwili baadaye, Gabriella Vigliocco na wenzake walionyesha kwamba hata Waitaliano wasio na ugonjwa wowote, neno linapowakwamia ulimini, mara nyingi huijua jinsi yake kabla ya kulipata.

Kiitaliano kina jinsi mbili tu. Kiswahili kina ngeli nyingi zaidi, na ngeli hazikai kwenye nomino peke yake. Zinasambaa katika sentensi nzima: kile, changu, cha, kimepotea, kizuri. Kwa hivyo msemaji wa Kiswahili aliyepoteza nomino anaweza kukuachia nyayo zake katika kila neno linaloizunguka. Pale sebuleni nyayo zilikuwa tatu, 'kile', 'changu' na 'cha', na sisi tulikuwa tukizikanyaga.

Kwa nini 'ki…' haitoshi

Mbinu kongwe ya kumsaidia mtu aliyekwama ni kumdokezea mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza, sauti ya kwanza peke yake hufaa sana, kwa kuwa nomino nyingi za Kiingereza huanza moja kwa moja na mzizi. Mtaalamu aliyefunzwa kwa vitabu vya Kiingereza ataichukua mbinu hiyo kama ilivyo na kuileta kwa mgonjwa wa Kiswahili. Hapo ndipo lugha yetu inapokataa.

Silabi ya kwanza ya nomino nyingi za Kiswahili ni kiambishi cha ngeli. Ukimwambia mtu 'ki…' umemwambia kijiko, kisu, kiti, kikombe, kiatu, kioo, kichana na mamia ya maneno mengine. Ukimwambia 'm…' umemfungulia mlango, mswaki, mkate, mfuko, mto na msumari. Umempa kile ambacho, kama Mwalimu, huenda tayari anacho. Dokezo linalofaa ni lile linalovuka kiambishi na kugusa mzizi: 'kiji…', 'mswa…'. Hata hapo mambo si rahisi, maana 'kita…' ni kitabu, kitanda, kitambaa, kitana na kitasa. Ndiyo maana dokezo la sauti halina budi kuandamana na dokezo la maana. 'Unataka kufunga kichwa kwa kita…' ilifanya kazi kwa sababu iliyafanya yote mawili.

Nomino zisizo na kiambishi dhahiri, hasa nyingi za ngeli ya I-ZI, ni afadhali. 'Sa…' tayari inakaribia sahani, na 'si…' inakaribia simu. Vitenzi, kwa upande mwingine, ni vigumu zaidi. Katika 'anapika', mzizi umezikwa katikati. Ukidokeza 'ana…' hujadokeza kitu. Yafaa useme 'anapi…' kisha usubiri.

Haya ninayoyapendekeza kuhusu ngeli yanahitaji kupimwa kwa wagonjwa wengi, si kwa kitambaa kimoja. Mlango umeshafunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Tom Abuom, akishirikiana na Roelien Bastiaanse wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, alichunguza usemi wa watu wenye afasia wanaozungumza Kiswahili na Kiingereza, akijikita katika vitenzi na mpangilio wa maneno katika sentensi. Aliyesoma isimu katika vyuo vyetu na anatafuta mada ya tasnifu, basi nomino na ngeli zake zinamngoja.

Kuzunguka kitu mpaka kijitaje

Mbinu nyingine, iliyopata umaarufu baada ya utafiti wa Mary Boyle na Carl Coelho mwaka 1995, ni ya kuzunguka maana. Mgonjwa huwekewa picha katikati ya karatasi, kisha huulizwa maswali yale yale kila mara. Ni cha kundi gani? Hutumika kufanyia nini? Kikoje? Hupatikana wapi? Kinakukumbusha nini?

Chukua mwiko. Ni chombo cha jikoni. Hutumika kusongea ugali. Ni wa mbao, mrefu, bapa upande mmoja. Hupatikana karibu na sufuria. Unamkumbusha Mwalimu mama yake mzazi, aliyeutumia kwa ugali na kwa nidhamu pia. Kila jibu huamsha sehemu ya mtandao wa maana, na sehemu hizo kwa pamoja huweza kulisukuma jina litoke. Hata lisipotoka, mgonjwa amepata njia ya kujieleza: "cha kusongea ugali" ni ujumbe kamili, na mtu wa jikoni atamletea.

Msomaji atagundua kwamba huu si mgeni kwetu. Ndio muundo wa kitendawili: maelezo kwanza, jina baadaye. Tahadhari tu kwamba vitendawili vyetu hupenda sitiari, na sitiari huweza kumchanganya mwenye afasia. Mwambie yai ni 'la kuku, jeupe, la kukaanga', usimwambie nyumba isiyo na mlango.

Maneno yapi yarudi kwanza?

Hapa ndipo penye uzito. Kati ya majaribio makubwa ya tiba hii ni lile lililoongozwa na Rebecca Palmer wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2019. Lilihusisha watu 278. Waliopewa tiba walijichagulia maneno 100 yenye maana maishani mwao, wakayafanyia mazoezi nyumbani kwa programu ya kompyuta kwa miezi 6. Uwezo wao wa kuyataja maneno hayo uliongezeka kwa takriban asilimia 16, tofauti kubwa na wale walioachwa na huduma ya kawaida. Lakini mazungumzo yao ya kila siku hayakuonyesha nafuu iliyopimika.

Tunapata mafunzo mawili. La kwanza, maneno hurudi hata miaka kadhaa baada ya kiharusi, kwani wengi wa washiriki hao hawakuwa wagonjwa wapya. La pili, linalorudi ni lile lililofanyiwa mazoezi; jirani yake halirudi kwa hisani. Basi orodha ya maneno ndiyo tiba yenyewe. Ukikosea orodha, umetumia miezi ya mtu bure.

Mwalimu alipopelekwa kliniki mara ya kwanza, alionyeshwa picha kutoka kwa mtihani maarufu wa Boston, wenye picha 60. Miongoni mwazo mna nyumba ya barafu, avokado haimo, ila asparaga imo, na mna mnyama wa mitoni wa Marekani mwenye mkia bapa. Kwa mnyama huyo Mwalimu alisema, "Panya… panya mkubwa." Kwangu mimi hilo ni jibu la mtu mwenye akili timamu. Kwenye karatasi lilihesabiwa kosa. Simlaumu mtaalamu, alitumia kadi alizokuwa nazo. Lakini familia ilirudi nyumbani ikiamini kwamba mama amepoteza mengi kuliko aliyopoteza.

Wala tusidhani tutapata orodha kwa kuhesabu maneno yanayotumika sana katika maandishi. Hazina kubwa za maandishi ya Kiswahili, kama ile ya Helsinki, zimejaa habari za magazeti. Ukifuata orodha ya namna hiyo, mgonjwa atafundishwa 'waziri' na 'mkutano' miezi mingi kabla ya 'mwiko' na 'choo'. Gazeti hili nalipenda, lakini haliwezi kumwombea mtu maji.

Kwa hiyo tuliketi, binti, yaya wa nyumba anayetoka Kawangware kila asubuhi, na mimi, tukamuuliza Mwalimu mwenyewe. Tulimtajia, akaitikia au akakataa kwa kichwa. Orodha yake ya kwanza ina maneno 20. Kitambaa kiko juu kabisa. Kuna majina ya wajukuu, uji, bafu, baridi, dirisha, rimoti, kanisa, na jina la mama mboga wa lango la nyuma. Neno moja lilitushangaza: chaki. Binti alitaka kulitoa, kwamba halina kazi sasa. Mwalimu akapiga meza. Chaki ikabaki.

Kiswahili kipi?

Nairobi haina mtu wa lugha moja. Mgonjwa huenda alilelewa kwa Kikamba au Kiluhya, akasoma kwa Kiingereza, akafanya biashara kwa Kiswahili na kuwatania wanawe kwa Sheng. Tangu karne ya 19 wataalamu wamebishana ni lugha ipi itangulie kurudi. Théodule Ribot alidhani ni ile ya kwanza utotoni. Albert Pitres, mwaka 1895, alisema ni ile iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wameendelea kuwakanusha wote wawili. La busara ni kuuliza: mtu huyu anahitaji kuzungumza na nani, mchana kutwa, na watu hao hutumia lugha gani?

Hapa mimi na wenzangu walinzi wa sarufi tuna jambo la kutubu. Dokezo la ngeli litamfaa aliyekuwa akisema 'kile changu'. Halitamfaa aliyezoea kusema "Niletee hiyo kitabu yangu," kama wanavyosema maelfu ya Wanairobi kila siku. Kwake yeye 'kile' si nyayo ya neno lolote, ni Kiswahili cha mtihani. Tiba lazima ifanywe kwa Kiswahili alichokuwa nacho mtu kabla ya kiharusi. Chumba cha mgonjwa si mahali pa kalamu nyekundu.

Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazomfaa. Kadi za picha za vitu vyetu, zenye madokezo ya Kiswahili yaliyopangwa kwa kufuata ngeli na silabi, si anasa. Ni haki hiyo ikitafsiriwa kwa karatasi na wino. Wachoraji tunao, wanaisimu tunao. Watakaoziwamba kadi hizo wakae meza moja na wataalamu wa tiba ya usemi, ambao ni wachache mno wakilinganishwa na wanaowahitaji.

Nyumbani mnaweza kuanza leo

Wakati tukisubiri, familia isikae mikono mitupu. Mwone kwanza mtaalamu ikiwa unaweza kumpata. Kisha piga picha za vitu vya nyumbani kwa simu: kikombe chake mwenyewe, si cha mtandaoni. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Onyesha picha, nyamaza, subiri. Hesabu moja hadi kumi moyoni. Likikataa, uliza matumizi yake. Likikataa bado, mpe sentensi yenye upatanisho na nafasi wazi mwishoni: "Chai imo ndani ya kile…" Kisha silabi mbili. Kisha liandike. Mwishowe litamke, alirudie, halafu baada ya dakika chache umuulize tena. Mtu hulishika zaidi neno alilolipata kwa jasho lake kuliko lile alilokabidhiwa.

Neno likishazoeleka mezani, litoeni nje. Rejeleeni tatizo lile la Sheffield: neno la kwenye picha halijawa neno la mazungumzo. Yaya ndiye aliyelielewa hilo kabla yetu. Haulizi, "Hii ni nini?" Husema, "Shosho, nikuletee kile cha chai ama kile cha maji?" na kusimama pale na trei mpaka jibu lije. Jibu huja.

Na ukiona uso wa mtu umelegea upande mmoja, mkono hauinuki au usemi umeparaganyika ghafla, usingoje kupambazuke wala usimkandekande nyumbani. Mkimbize hospitalini. Kila dakika inayopita hufa seli za ubongo, na maneno hufa nazo.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mwalimu amejifunga kichwa tayari. Akanionyesha kwa kidole, kwa fahari: "Kitambaa… yangu."

Akasikia alichosema. Akanikazia macho, yale macho ya Kidato cha Pili, akainua kidole.

"Ch… changu," akasema. Kisha akacheka mpaka kitambaa kikamtoka.